Bao la Eliuta

"Bao la jana halihesabiwi leo." Mmeisikia sokoni, mkataka kujua imetoka wapi. Basi kaeni, niwaeleze ilikozaliwa.

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2013, Njombe iliamka na ukungu mzito na baridi ya kuumiza vidole. Asubuhi hiyo Eliuta Mwalongo, mshambuliaji mstaafu, alikwenda shule ya msingi kuomba kazi ya kufundisha timu. Mwalimu mkuu alifurahi kumwona, akampa kalamu.

"Niandikie majina ya wachezaji kumi na mmoja, kama utakavyompa mwamuzi."

Eliuta aliitazama karatasi. Aliacha shule darasa la pili kwa ajili ya mpira, na goti lilipomstaafisha alikuwa anajua kuandika kitu kimoja tu: saini aliyokuwa akiwachorea mashabiki kwenye jezi.

"Nafasi nitakuwekea mpaka Januari," mwalimu mkuu alisema kwa upole. "Kajifunze."

Jioni ile ile akajiunga na darasa la watu wazima katika ukumbi wa kanisa. Kumbe wote walimjua! Walimpigia makofi, wakampa kiti cha mbele, na sala ya kufungua darasa ilipokwisha tu mtu akasema, "Kaka, tusimulie lile bao la fainali." Akasimulia. Kesho yake tena. Madawati akayafanya mabeki, mlango ukawa goli. Mwalimu Odilia mwenyewe, shabiki wa damu, alisahau chaki mkononi. Kila jioni Eliuta alirudi nyumbani na furaha tele, bila herufi mpya hata moja.

Mwezi wa nane mwalimu akatoa jaribio: kila mtu aandike jina lake ubaoni. Eliuta aliitwa wa kwanza. Akachora saini yake, yenye mkia mrefu na namba tisa chini. Watu wakashangilia.

"Isome," akasema Bibi Tusajigwe, muuza viazi, kutoka dawati la nyuma.

"Bibi, hii haisomwi. Watu huitambua tu."

"Mimi nina miaka sitini na minane. Nimemwomba Mungu nisome Zaburi kwa macho yangu kabla sijafa. Bao lako nalijua lote, mwanangu: krosi imetoka kulia, beki kateleza, wewe ukaruka. Jina langu bado sijui kuliandika."

"Hebu niambie," bibi akaendelea, "mechi iliyofuata, mliingia uwanjani na bao lile mkononi?"

"Hapana, Bibi. Tulianza bila kwa bila."

"Na humu je?"

Eliuta akachukua kitambaa, akaifuta saini yote, mkia na namba. Akaandika E, ikalala upande. Akaandika L. Herufi iliyofuata hakuijua.

Akawageukia.

"Mwalimu, Bibi, nanyi nyote, naahidi mbele za Mungu. Kiti cha mbele ni cha Bibi kuanzia leo. Habari za bao lile hamtazisikia kinywani mwangu mpaka Bibi asome Zaburi kanisani, nami niandike majina kumi na moja kwa mkono wangu. Atakayeniomba kabla ya hapo, nitamjibu neno moja tu: bao la jana halihesabiwi leo."