Kichwa Kisicho na Uso

Hadithi mnaitaka? Basi sogeeni, ila mwenye majivuno akae mlangoni.

Palikuwa na Mhindu mmoja, mchonga mawe hodari, jina lake Vallabh. Akachonga sanamu ya mungu wa kike wa hekalu lao. Binti yake, Hansa, akauliza, "Baba, upanga huu wa nini?"

"Hukata kiburi, mwanangu."

"Na kiganja kilichoinuliwa?"

"Kinasema, usiogope."

"Na kichwa alichokishika? Mbona hakina uso?"

"Si cha mtu. Ni kiburi chenyewe, kimekwisha kukatwa."

Yakabaki macho, ambayo huchongwa mwisho. Mila yao ni kwamba sanamu ikifumbua macho ijitazame kwanza kwenye kioo, kwani mtazamo ule wa kwanza hakuna binadamu auwezaye. Hansa akashika kioo.

"Kiweke chini," baba akasema.

"Baba, mila!"

"Jasho ni langu! Atanitazama mimi kwanza." Akampokonya kioo, akamtoa nje.

Nyundo ikagonga mara moja. Ikagonga mara ya pili. Ikagonga mara ya tatu, kisha kimya. Hansa akaingia, baba hayupo. Patasi iko sakafuni, na kile kichwa sasa kina uso, na kovu la baba yake juu ya jicho.

Hadi leo wageni wa hekalu humuuliza Hansa, "Kichwa hiki cha nani?"

"Si cha mtu," hujibu. "Ni kiburi." Kisha hukipangusa vumbi mashavuni kwa upindo wa sari.

Imekwisha. Na wewe uliyekaa mlangoni, mbona umenyamaza?