Mtamba wa Shaba ya Igumo

Hapo zamani, na si zamani ile ya sungura kusema, ni zamani ya juzi tu redio zimeshafika, kijiji cha Igumo kilipata mgeni, mpima miamba. Alitandaza waya mrefu kuzunguka mashamba, akaupitishia umeme. Akasema, "Penye shaba ardhi itajibu, na mashine hii italia." Mwenyekiti naye akaleta mtamba mwekundu, ng'ombe jike mchanga: "Ni wa yule atakayetupatia shaba."

Mashine ilitaka kubebwa bila kuyumba. Nani aibebe? Kwandu, bibi harusi mpya, ambaye ndoo ya maji kichwani mwake haikumwaga hata tone.

Kwandu akapita shambani, mashine ikalia. Akapita kisimani, ikalia. Akapita nyuma ya choo cha Masunga, ikalia. Watu wakacheza ngoma, Masunga akaanza kubomoa choo.

"Wee Masunga, kesho utajisaidia wapi?" akauliza Minza, mama mkwe wa Kwandu. "Mashine hailii kwa ajili ya choo chako. Inalilia bangili za mkwe wangu."

Kweli, Kwandu alivaa bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko. Minza ndiye aliyemvisha siku ya kuingia nyumbani, na kwa desturi yao hazivuliwi mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Minza akaomba mafuta, akazivua moja moja. "Mjukuu wangu atakuja tu," akasema. "Bangili hazimjui."

Kwandu akapita upya. Shambani, kimya. Kisimani, kimya. Chooni, kimya, Masunga akaanza kurudisha matofali yake. Akafika katikati ya viazi vya Lubinza: mashine ikalia mpaka mbwa wakakimbia.

Lubinza akafukua udongo kidogo, akatazama viazi vyake, bado vyembamba kama vidole. "Chimbeni," akasema, akang'oa shina la kwanza mwenyewe. Wakachimba, wakachimba, likatoka jiwe la kumetameta. Mgeni akalibusu. Shaba!

Basi Kwandu akasema, "Mtamba ni wangu. Miguu iliyotembea ni yangu, nami nimechoka kuomba maziwa kwa mama mkwe."

Minza akacheka. "Mkwe wangu, bila mimi mngekuwa mnachimba choo mpaka leo."

"Na wanangu watafune mawe?" akasema Lubinza. "Mmoja alitembea tu, mwingine alisema tu. Shamba ni la nani?"

Mwenyekiti kashika kamba, mkono unamchoka, mtamba anamtafunia kofia. Je, kamba ampe nani?