Nani Apewe Mtumbwi wa Ilomba?

Hapo zamani, lakini si zamani sana kwa kuwa kiboko wa kisa hiki bado yu hai, palikuwa na hifadhi ya ndege katika kinamasi cha Ilomba. Wageni walikuja kutembezwa. Walipitishwa juu ya njia ya mbao iliyokatiza mafunjo, wakaonyeshwa korongo na mnandi, wakarudi makwao na picha nyingi za matope.

Watu watatu waliifanya kazi hiyo. Tusekile aliwaongoza wageni kwa miguu. Kasonso aliwatembeza majini kwa mtumbwi aliouchonga mwenyewe. Na Mzee Ngwegwe alikaa juu ya mnara na darubini, akiangalia viboko walipo.

Siku moja akaja Mkurugenzi. Mkurugenzi wa nini, hakuna aliyethubutu kuuliza. Alikuja kusikiliza utulivu wa porini, kwa hiyo alibeba redio.

Asubuhi ile alimwona Mzee Ngwegwe akielekea mnarani bila kusimama kumwamkia, yeye aliyekuwa mdogo kwa mzee kama mwanawe wa mwisho.

"Yule mzee ana kiburi," akamwambia meneja wa hifadhi.

Meneja, mtu jasiri sana mbele ya wanyonge, akamfukuza mzee kazi papo hapo. Mzee akapanda mnarani kukusanya vyake: blanketi, sufuria na mwiko.

Huku chini Tusekile akawaambia wageni, "Jamani, msitoke kwenye mbao. Pembeni mnaona majani, lakini chini yake ni tope tupu."

"Dada, mimi nimetembea nchi nyingi," akasema Mkurugenzi.

"Hongera, baba. Na huko pia tope lilikuheshimu?"

Wageni wakacheka. Mkurugenzi hakucheka. Alipomwona korongo amesimama karibu, akashuka kwenye mbao ili apigwe picha naye. Korongo akaruka. Mkurugenzi akazama. Vilizama viatu, yakazama magoti, kikazama kiuno. Kikabaki juu cheo peke yake.

"Nisaidieni!"

Wageni wakamsaidia sana: kila mmoja akatoa simu yake na kumpiga picha.

Kule juu Mzee Ngwegwe akaona mafunjo yakitikisika. Kiboko jike, mwenye mtoto, alikuwa anakuja kwa hasira, na waliokuwa chini hawakuweza kumwona. Mzee akamtazama kiboko, akamtazama Mkurugenzi. Angeweza kuendelea kukunja blanketi lake taratibu, na hakuna ambaye angemlaumu. Kisha akanyakua mwiko, akaipiga sufuria kwa nguvu zake zote.

"Kiboko! Kiboko anakuja upande wa majini!"

Kasonso akasikia kule majini. Akapiga kasia mbio, akauingiza mtumbwi wake katikati ya kiboko na Mkurugenzi, akajitupa majini upande wa pili. Kiboko akaukamata mtumbwi kwa meno, akautafuna kama muwa.

Tusekile alikuwa tayari amelala kifudifudi kwenye tope, amemshika Mkurugenzi mkono mmoja.

"Achia redio, baba, nikushike mikono yote miwili!"

"Ni redio nzuri hii!"

"Achia!"

Mkurugenzi akafikiri kidogo, akaachia. Tusekile akavuta. Bega lake likateguka, akapiga yowe, lakini hakumwachia mpaka alipomtoa juu ya mbao.

Mkurugenzi akalia mbele ya watu. Halafu akajifuta, akarudi kuwa Mkurugenzi.

"Nitaleta mtumbwi mpya wenye injini," akasema. "Utakuwa wa aliyeniokoa. Mmoja tu. Sipendi shukrani za kugawana."

Meneja akakohoa. "Kwa kweli, sisi kama uongozi..." Wote wakamgeukia, akakumbuka ana kikao mahali.

Kasonso akasema, "Watoto wangu walikula kwa mtumbwi ule. Kiboko angefika, Tusekile angevuta nini? Kofia?"

Tusekile akasema, "Mtumbwi unachongwa tena. Bega hili atanichongea nani? Tangu leo hata ndoo siinui. Na hata kama kiboko asingemgusa, tope lingemmeza, lilikuwa limeshafika kifuani."

Mzee Ngwegwe akashuka ngazi na blanketi lake begani. "Mimi sina bega lililoteguka wala mtumbwi uliovunjika. Kazi yangu ilikwisha kabla, na aliyenipokonya ni huyu huyu. Ninyi mlimwokoa mgeni. Mimi nilimwokoa mtu niliyetamani azame."

Mkurugenzi akainamisha kichwa, akawaambia waamue wenyewe.

Mtumbwi ulikuja. Umefungwa pale kwenye mafunjo mpaka leo, injini inaota kutu, nao watatu hawasemezani. Haya, ninyi mnaotafuna karanga huku mkijifanya mahakimu, na msiniambie wagawane, maana hilo lilishakataliwa: mtumbwi ni wa Kasonso aliyetoa riziki yake, wa Tusekile aliyetoa mwili wake, au wa mzee aliyemeza uchungu wake na kupiga sufuria?