Mlango wa Bi Nguchiro

Unacheka nini? Sijafungua hata mdomo, nawe umeshasema nguchiro hana nyumba. Ulikuwapo? Basi kaa kitako usikilize.

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walijenga na kuezeka kama sisi, Bi Nguchiro alikuwa na nyumba ya udongo yenye magunia ya mtama ndani. Ajuza mwembamba, macho kama ushanga. Nyumba hiyo Fisi aliitamani mpaka mate yakamdondoka.

Desturi yao ilikuwa hii: nyumba ikigombewa, kila mdai huleta mlango wake. Unaokaa kwenye fremu ndio wa mwenye nyumba.

Asubuhi moja Fisi akabisha hodi, kamba mkononi.

"Bibi, nimeupenda mlango wako. Niruhusu nipime fremu, nichonge kama huu."

Bi Nguchiro akamtazama. Fisi hana hata kibanda; mlango wa nini?

"Pima, mjukuu wangu. Nikushikie kamba?"

Wakapima. Juu sawa na chini. Kushoto sawa na kulia.

"Pande nne, kazi imekwisha," Fisi akasema.

"Hupimi tena?"

"Fundi hapimi mara mbili, bibi."

"Haya, fundi." Akampa na muhogo wa kutafuna njiani.

Siku ya tatu Fisi akarudi na mlango begani, kamba yake kiunoni, nyuma yake Mzee Tembo, mwamuzi.

"Nyumba hii niliijenga mimi," Fisi akadai. "Huyu bibi nilimkaribisha tu."

Bi Nguchiro akaung'oa mlango wake, akauegemeza ukutani nje. "Jaribu wako kwanza."

Fisi akaingia ndani, akausukuma mlango wake kwenye fremu. Gu. Pembe ya juu ikagonga. Akaugeuza nyuma mbele. Gu. Akaupindua juu chini. Gu.

"Si ulipima pande?" Tembo akauliza.

"Zote nne, mzee. Zinalingana."

"Zinalingana kweli," akasema Bi Nguchiro. "Kamba niliishika mwenyewe."

Akaichomoa kamba kiunoni mwa Fisi, akaivuta kwenye fremu, toka pembe ya juu kushoto mpaka ya chini kulia. Ikakaza. Akaihamishia pembe zile mbili nyingine. Ikalegea, ikaning'inia kama utumbo.

"Mlango wako ukiupima hivi, kamba inakaza kote kuwili. Fremu yangu imelala upande, mjukuu wangu. Imelala tangu Mzee Tembo ajikunie mgongo kwenye ukuta wangu, na pole yake sijaisikia mpaka leo."

Tembo akakohoa, akatazama mawingu. "Nyumba ni ya bibi," akasema upesi.

Fisi akautupa mlango wake nje, akakalia gunia la mtama. "Sitoki. Nani atanitoa, wewe na vimiguu hivyo?"

"Nani kakwambia utoke? Kinu hicho hapo pembeni, na mchi umo. Ukishatwanga gunia zima, gonga."

"Bibi, ngoja kwanza..."

"Na utakapokuwa unatwanga, kumbuka: pande kulingana si vitu kulingana, mpaka pembe nazo zikubali."

Akatoka. Akaupachika mlango wake uliolala upande kwenye fremu iliyolala upande, ta, ukakaa kama ukucha kwenye kidole. Kisha akashusha komeo, kwa nje.