Mwinjuma au Mshangama

Wewe uliyekunja mdomo hapo nyuma, ukunjue au utoke. Najua unachotaka kusema. Unataka kusema fisi mwenye meno ya kuvunja mfupa wa nyati hawezi kufa njaa kwa kufungwa kamba ya ukindu, kamba ambayo mbuzi angeitafuna huku anawaza mambo mengine. Unataka kusema chui naye ana kucha. Anazo, ndiyo. Walikutwa wote wawili mifupa mitupu, na kamba mguuni, nzima, haina hata alama ya jino. Kama una maelezo yako yalete. Kama huna, kaa usikilize.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kufagia nyua zao, palikuwa na nchi iitwayo Mbugani, na huko hakuna kilichopendwa kama mchezo wa kudaka.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mrushaji anasimama nyuma na mpira wa matambara. Mdakaji anakaa pembeni kabisa mwa uwanja. Baragumu likilia, mdakaji anatoka mbio, na mpira unapita juu, vuuu, naye anatakiwa audake kabla haujagusa chini, huku majitu mawili matatu ya upande wa pili yanamkimbiza yamwangushe. Akiudaka ng'ambo ya mstari wa majivu, upande wake umepata.

Wadakaji walikuwa wengi, lakini waliotajwa ni wawili. Mmoja alikuwa swala, jina lake Mwinjuma, wa upande wa Mlimani. Wa pili alikuwa nguchiro, kamnyama kadogo ka futi moja, jina lake Mshangama, wa upande wa Mtoni.

Wote wawili walishaliwa. Mwinjuma aliharibika goti, Chui akamla. Mshangama alipita njia ya mkato siku ya mvua, Fisi akamla. Ndivyo Mbugani ilivyowashukuru.

Mshangama aliacha mjane, Siwema, na watoto wanne. Homa ikachukua wawili, Chui akachukua mmoja. Akabaki Sikitu, kitinda mimba, wa kike, na Siwema hakuwa na mwingine.

Siku moja asubuhi Sikitu akatumwa maji, hakurudi. Siwema akaufuata mtungi. Akaukuta umepasuka, na pembeni yake nyayo za chui. Hakulia. Alizifuata nyayo mpaka nyumbani kwa Fisi, kwa sababu Chui alikuwa na nyama lakini hakuwa na chungu, na Fisi alikuwa na chungu lakini hakuwa na nyama, na majirani wa namna hiyo huelewana upesi.

Jua lilikuwa utosini. Nyumba ya Fisi ilikuwa ya udongo, mlango mmoja, nguzo moja katikati. Chungu kilikuwa mafigani, maji yanaanza kusema chururu. Kwenye kona palikuwa na tenga limefunikwa juu ya kitu, na juu ya tenga limewekwa jiwe la kusagia. Ndani ya tenga kitu kilikuwa kinapumua haraka haraka.

"Hodi," akasema Siwema.

Fisi akageuka na upawa mkononi. "Karibu, shemeji. Chui, sogea, mjane wa Mshangama huyu. Umekuja kwa miguu yako?"

"Kwa miguu yangu."

"Basi vizuri. Chungu ni kikubwa."

Chui alikuwa amelala ubavu, ananoa kucha kwenye kigae, kwaru, kwaru. Hakuinua hata kichwa. "Mwenye mwili mdogo anaongeza mchuzi tu," akasema. "Lakini aingie."

Siwema akaingia. Alijua kukimbia hakutamtoa Sikitu, na kuomba hakutamtoa. Nguvu hakuwa nayo. Alikuwa amekuja na kitu kimoja tu: miaka saba ya kukaa na mwanamichezo nyumbani, na kuwasikia mashabiki wakigombana uani kwake mpaka uji unaungua.

"Nina neno moja na mwanangu," akasema, "kisha nitaingia chunguni mwenyewe, msisumbuke kunikamata."

"Sema," akasema Fisi. "Sisi si wanyama."

Siwema akainama kwenye tenga. "Sikitu, mwanangu, usilie. Kufa si aibu. Kumbuka tu baba yako alikuwa mdakaji mkubwa kuliko wote waliopita Mbugani."

Kwaru, kwaru ikanyamaza.

"Nani kasema?" akauliza Chui.

"Si maneno ya mjane hayo," akasema Fisi, bila kugeuka. "Ni kweli. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Mwinjuma yuko wapi?"

"Mwinjuma alikuwa mzuri. Sikatai."

"Mzuri?" Chui akakaa kitako. "Mwinjuma, mzuri? Siku ile walipocheza na upande wa Mlangali, nyumbu wawili wako mgongoni, mpira uko nyuma yake, anaudaka kwa mkono mmoja, miguu yote miwili ng'ambo ya mstari, unaniambia mzuri?"

"Siku moja. Mshangama hakuangusha mpira misimu mitatu. Mitatu, jirani. Hesabu."

"Mipira ya karibu ile. Mpira wa kumrushia nguchiro unatoka hapa mpaka kwenye chungu. Hata kuku anadaka."

Siwema akasikia masikio yake yanapata moto. Mume wake alicheza kidole kimevunjika, akarudi nyumbani akafungwa kwa gome la mti, kesho yake akacheza tena. Huyu aliyemsifu alikuwa amemtafuna. Huyu aliyemkashifu alikuwa amemtafuna mtoto wake. Hakuwa na haja ya kumtetea yeyote mbele yao.

"Mwinjuma alirushiwa na Nyani," akasema Fisi, na upawa sasa umesahaulika mkononi, unadondosha maji. "Nyani mwenye mkono kama kombeo. Mpira wa Nyani unakuja wenyewe kifuani. Mshangama alirushiwa na nani? Ngedere chongo. Jicho moja. Mipira yote inakwenda vichakani, na Mshangama anaifuata huko huko."

"Kwa hiyo Nyani ndiye alikuwa anaruka juu? Nyani ndiye alikuwa na yale mapaja? Mimi nilimla Mwinjuma, Fisi. Unanisikia? Nimeyala yale mapaja. Sijakutana na nyama imekaza vile. Wewe unaongea kwa kusikia, mimi naongea kwa jino langu."

"Na Mshangama aliliwa na nani, bibi yako? Moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko kichwa chake. Nilishangaa mwenyewe. Nikasema, ndiyo maana."

Ndani ya tenga Sikitu akatoa sauti ndogo. Siwema akaweka kiganja juu ya tenga, akalibonyeza, kama anavyombonyeza mtoto begani usiku asishtuke.

"Maji yamechemka," akasema.

Wakamtazama, kama wamesahau kwamba yuko.

"Maji yamechemka, lakini sasa mna neno baina yenu. Mtakulaje sinia moja?"

Hapo Fisi akashusha upawa. Mbugani kulikuwa na mwiko, na mwiko wenyewe ulikuwa huu: wenye neno hawali sinia moja. Wakila, chakula kinavimba tumboni. Mjomba wake Fisi alikula na mtu aliyebishana naye juu ya mpaka wa shamba, akavimba, akapasuka kabla ya magharibi. Wapo waliosema alikula punda mzima peke yake, lakini Fisi hakuwa mmoja wao.

"Kamba iko wapi?" akauliza Chui.

"Juu ya mlango."

Kila nyumba ya Mbugani ilikuwa nayo, kamba ya ukindu iliyosukwa na vikongwe. Wenye neno hufungwa mguu mmoja mmoja kwenye nguzo ya nyumba, na afungaye lazima awe mtu wa tatu. Wanabishana hapo. Mmoja akisema "nimekubali," wote wanafunguliwa, na aliyekubali anabeba kigoda cha mwenzake kwenye kila mkutano mpaka anakufa. Na anayeikata kamba au kujifungua mwenyewe, kwa jino, kwa ukucha, kwa chochote, huyo amekubali, hata kama hakutamka.

"Mtu wa tatu ni nani?" akasema Fisi.

"Nipo mimi," akasema Siwema. "Au niende nimwite Kiboko? Lakini Kiboko akija atataka kula."

"Hapana, hapana. Funga wewe, shemeji."

Chui akamkazia macho. "Usikaze sana."

"Bwana Chui, hiki ni kiukindu. Kuna wa kukishindwa humu ndani?"

"Hakuna," akasema Chui. "Na hakuna wa kukikata. Labda huyu."

"Mimi?" akasema Fisi. "Mimi nikate, nikubebee kigoda? Funga, shemeji. Funga huyu kwanza."

Akamfunga Chui upande huu wa nguzo, akamfunga Fisi upande ule. Vifundo vyake havikuwa vya ajabu. Alifunga kama anavyofunga mzigo wa kuni.

"Haya, anza," akasema Fisi. "Fainali ya mwaka wa nzige. Mwinjuma alidaka mingapi?"

"Minne."

"Miwili!"

"Minne, miwili mwamuzi aliikataa."

"Iliyokataliwa haihesabiwi."

"Mwamuzi alikuwa Kobe. Kobe alifika kwenye mstari kesho yake, ataonaje?"

Walipopaza sauti, Siwema alilisukuma jiwe. Waliposhusha, aliacha. Jiwe la kusagia ni zito kuliko nguchiro watatu. Kwaru, kidogo. Kwaru, kidogo tena. Kisha puu, likaanguka.

Chui akageuza shingo. "Unafanya nini wewe?"

"Namtoa mtoto nimkung'ute. Ana vumbi mpaka masikioni. Mnataka kutafuna mchanga?"

"Mwache mwanamke afanye kazi yake," akasema Fisi. "Usikwepe. Nimekuuliza, Mwinjuma aliwahi kupita chini ya tumbo la nyati? Nijibu hilo."

"Apite chini kwa nini, na yeye anaweza kupita juu?"

Siwema akainua tenga. Sikitu akatoka, macho yamemtoka, manyoya yamelowa jasho. Mama yake akamfunga mgongoni kwa kanga, akaelekea mlangoni. Alitembea. Hakukimbia, maana anayekimbia hutazamwa.

Alipofika kizingitini, Chui akaona.

"Fisi. Wanaondoka."

"Nani?"

"Chakula. Kinaondoka. Kata kamba."

"Kata wewe, una kucha."

"Wewe una meno. Tafuna mara moja tu, nitawakamata mimi, nitakuletea."

"Nitafune, halafu kesho uende baraza zima useme Fisi amekubali Mwinjuma ndiye mkubwa?"

"Sitasema."

"Utasema. Wewe? Utasema kabla mchuzi haujapoa."

"Basi tukate pamoja. Moja, mbili, tatu."

"Pamoja, halafu utasema mimi nilianza."

Wakatazamana. Siwema alikuwa amesimama mlangoni. Hapo ndipo ilipokuwa hatari yote. Jino moja, ukucha mmoja, na yeye na mwanawe wangekuwa mchuzi. Akaona taya la Fisi linashuka kuelekea mguuni kwake.

Siwema alilijua jibu. Mshangama alimwambia mwenyewe, kitandani, mwaka ule wa mwisho. "Mwinjuma ananishinda," alisema. "Mimi najitahidi, yeye amezaliwa nayo. Lakini usimwambie mtu." Hakumwambia mtu. Na leo pia hakulisema.

"Mzee Fisi," akasema taratibu, "usijisumbue. Mshangama mwenyewe asingekasirika. Kubali tu yaishe."

Taya la Fisi likasimama.

"Nikubali?" akasema. "Mjane wake ananiambia nikubali? Mimi niliyemwona kwenye tope, kidole kimevunjika, akidaka mpira wa Ngedere kwa meno? Sikubali leo, sikubali kesho."

"Mpira wa meno ni faulo," akasema Chui, na mgongo wake ulikuwa umeshageukia mlango.

"Faulo tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Tangu ulipotunga sasa hivi."

Sikitu akamnong'oneza mama yake sikioni. "Mama, nani alikuwa zaidi? Kweli kweli?"

"Waulize hao," akasema Siwema. "Ndio waliowala."

Fisi akainua mkono bila kumtazama. "Shemeji, ukitoka, funga mlango. Upepo unachukua maneno yangu, halafu huyu anajifanya hajasikia."

Basi shikeni hili: anayeona kushindwa kwa maneno ni kubaya kuliko kufa, usipigane naye, mpe mtu wa kubishana naye.

Siwema akatoka, akafunga mlango.