Kondoo Aliyejipaka Dawa

Paukwa!
Pakawa!
We uliyejikunyata pale nyuma, sijakusikia. Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kwenye shamba moja, palikuwa na Kondoo. Kondoo wa asili, wa ukoo wa mababu: manyoya rangi ya uji, mkia mnono, akitembea unamgonga, puu, puu. Alikuwa na mwana mmoja tu, Kinono.

Siku moja Kanga alikuwa anaozesha mwanawe. Kondoo akajitazama majini. "Ala! Ndiyo niende harusini hivi, rangi ya uji?"

Akamwendea Nungunungu, mchimba mizizi, mganga wa shamba zima.

"Shikamoo, Mzee. Nipake manjano yako."

"Marahaba. Haya ni dawa ya vidonda, mwanangu. Kimebaki chungu kimoja, mengine bado machanga ardhini. Ukitaka rangi, chemsha maganda ya vitunguu."

"Maganda! Yatachelewa, na ngoma imeshaanza!"

"Basi nenda na uji wako."

Nungunungu akaenda zake kuchimba. Kondoo huyo, akarudi kwa kunyata hadi kwenye chungu. Akajimwagia chungu mgongoni, chwaa! Akagaragara, akajisugua, halikubaki hata tone.

Harusini, vigelegele! Kondoo wa manjano anacheza, anazunguka, mkia puu, puu.

Mara, "Mee! Mama!" Kinono amekanyaga jembe. Mguu umepasuka, damu churuu!

Nungunungu akaja mbio na chungu chake. Akatazama ndani: kitupu. Akamtazama Kondoo.

"Mzee, nimemuua mwanangu!" Kondoo akaangua kilio.

"Kilio hakizibi kidonda. Lala hapa. Dawa unayo mgongoni."

Akamnyoa kwa meno, kwaru, kwaru. Manyoya yale ya manjano akayafunga mguuni. Damu bado. Akanyoa tena, kwaru, kwaru. Bado!

"Nyoa yote, Mzee! Nyoa hata mkia!"

Akanyoa hata mkia. Damu ikakoma.

Kondoo akarudi ngomani uchi wa mnyama. Jogoo akacheka hadi akakaa chini. "Bi Kondoo! Uzuri wako umekwenda wapi?"

"Si ule pale, unaruka."

Na kweli, Kinono alikuwa anacheza kwa miguu mitatu, wa nne umevaa soksi ya manjano.

Manyoya yalipoota tena, Kondoo alichemsha maganda ya vitunguu, taratibu, wala hakulalamika.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: akiba ya ugonjwa usiifanye pambo. Hadithi yangu imeishia hapo. Kama tamu, nendeni nayo, kama chungu, niachieni nilie ugali.