Bunduki Zilizolala Matopeni

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wahenga hawakusema ukitazame, wala usifu mbao zake, walitaka ukilalie. Mtu anaweza kukizunguka mchana kutwa akipapasa godoro, lakini kunguni hawatoki kumsalimia mgeni aliyesimama. Hayo yaliikuta kamati moja ya makamanda, na yakamkuta pia fundi aliyedhani anawafundisha wao.

Kamati hiyo ilipewa kazi ya kuchagua bunduki moja itakayobebwa na kila askari wa miguu nchini. Juu ya meza ndefu ya makao makuu zililazwa mbili. Moja ilikuwa mpya, nyepesi, nyeusi tititi. Ya pili ilikuwa ile ile waliyoitumia askari tangu zamani, nzito, yenye kitako cha mbao. Asubuhi hiyo, kwenye uwanja wa shabaha, ile mpya ilitoboa karatasi vizuri mno hata makamanda wakapiga makofi. Brigedia, mwenyekiti wa kamati, alikwisha kutoa kalamu.

Nyuma ya chumba alisimama sajini mtunza silaha, ambaye askari walimwita Mzee Grisi kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata tangu aajiriwe. Aliitwa kubeba bunduki, si kutoa maoni. Lakini alikuwa ameona jambo. Kila baada ya risasi chache, wakala wa kiwanda aliifuta ile mpya kwa kitambaa cheupe na kuidondoshea mafuta ya kichupa. Na kikosi cha kwanza kupewa bunduki hizo kilikuwa cha mpakani, alikokuwa binti yake wa pekee. Akilini alimwona mwanawe handakini na chuma kisicholia mkononi. Akapiga saluti.

"Afande, naomba siku tatu kabla hujasaini."

"Za nini, Sajini? Kamati imeona kwa macho yake."

"Macho yameona, Afande, mikono bado. Kule mpakani hakuna kitambaa cheupe. Vijana wanasafishia kipande cha gwanda kuukuu na mafuta ya injini ya lori, maana yale ya silaha hufika mara moja kwa mwaka."

Wakala alicheka kwa adabu. Brigedia hakucheka.

"Haya. Nitakwenda mwenyewe. Lakini nikirudi na tope la bure, karakana yako utaiaga."

"Nitaiaga, Afande," alijibu Mzee Grisi.

Kule mpakani, alikofuatana na Mzee Grisi, Brigedia, ambaye miguu yake ilikwisha kuzoea zulia, alitambaa, akalala handakini na kunyeshewa pamoja na askari. Bunduki zote mbili zilisafishwa kwa gwanda na mafuta ya lori, kama ilivyo desturi ya kule. Siku ya tatu wakajipanga kupiga shabaha. Ile mpya ilitoa risasi moja, ikakohoa ya pili, ikanyamaza. Brigedia aliivuta, akaigonga, akamtaja mama yake mzazi. Wapi!

Mzee Grisi akachukua ile ya zamani. Risasi thelathini, zote zikatoka. Kichwa kikamvimba.

"Nilisema! Hii naijua miaka ishirini, haina siri kwangu."

"Mpe na mwingine," Brigedia akasema kwa hasira, akamwonyesha askari mfupi kuliko wote mstarini. Alikuwa binti yake Mzee Grisi. Alipiga kumi, karatasi ikabaki nzima.

"Baba... samahani, Sajini. Bunduki haina kosa. Ila kitako hiki ni cha mtu wa urefu wako. Nikikiweka begani, jicho halifiki kwenye kilenga. Nusu ya kikosi tunahangaika hivi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mara mbili nikiwa likizo. Ukasema nijinyooshe."

Askari waliuma midomo wasicheke. Mzee Grisi aliona haya mpaka masikio yakawaka. Miaka yote hiyo alikuwa akiifungua na kuifunga bunduki ile mezani pa karakana, wala hakuwahi kuuliza mkono wa mwanawe una urefu gani.

Hakujitetea. Aliomba msumeno, akampima binti yake kutoka kiwiko hadi kidole, akakata kitako vidole vitatu. Binti akapiga tena kumi. Nane zikapenya.

Brigedia aliandika uamuzi juu ya goti lenye tope: bunduki ya zamani, vitako vya vipimo vitatu.

"Na wewe, Sajini, karakana yako unayo. Lakini kila mwezi utalala hapa siku tatu."

"Ndiyo, Afande."

Binti akamnyooshea baba yake kipande cha gwanda kuukuu.

"Anza na bunduki yangu, Baba. Ina tope."

Mzee Grisi alikipokea, akachuchumaa, akaanza kusafisha. Kweli, kitanda usichokilalia, hata kama fundi wake ni wewe, hujui kunguni wake.